Kwanza Tuutazame Mguu

Majuma machache yaliyopita tulikwenda kumjulia hali mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba yetu, aliyefanya kazi ya useremala tangu ujana wake hata nguvu zilipomwishia. Mzee huyu ana ugonjwa wa kisukari, na huu ni mwaka wake wa 12. Tulimkuta ameketi barazani, miguu yake ameiweka juu ya mashine mpya aliyoletewa na mwanawe afanyaye kazi mjini, nayo ilikuwa ikivuma kama mzinga wa nyuki na kuzitetemesha nyayo zake. “Mwanangu,” akatuambia, “wanasema mashine hii huichochea damu. Kila jioni naiwekea miguu nusu saa, nami sitapata vidonda.” Tulifurahi pamoja naye, maana zawadi ya mtoto kwa mzazi ni baraka.

Lakini alipokuja mjukuu wake, binti wa darasa la 4, kuiondoa mashine ile, aliinama akasema, “Babu, mbona mguu wako unatoka damu?” Hapo ndipo tulipoutazama mguu wenyewe. Katika wayo wa kulia, chini ya kidole gumba, palikuwa na tundu la kuingia ncha ya kidole; na ndani ya kiatu alichokuwa amekivua tukaona msumari mdogo wa fundi viatu, umechomoza juu ya soli. Mzee alikuwa akiukanyaga msumari ule siku nyingi, wala hakusikia lolote. Huko hospitalini alikatwa vidole viwili. Mguu, kwa rehema za Mungu, umebaki.

Sisi hatuandiki habari hii ili kumlaumu mzee, wala mwanawe, wala mashine. Twaiandika kwa sababu jambo moja limetusumbua tangu siku ile. Mguu ule ulitetemeshwa kila jioni, tena kwa mapenzi na kwa gharama. Lakini katika nyumba nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeugeuza na kuutazama. Na jambo lililotukia katika nyumba ile, twahofia kwamba latukia katika nyumba nyingi za nchi yetu.

Yafaa kwanza tuujue ukubwa wa adui. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha habari za upimaji wao katika vijiji 6 vya Tanzania. Katika kila watu 100 wazima hawakufika hata mmoja aliyekuwa na kisukari. Wakati ule mtu aliweza kusema kwamba huo ni ugonjwa wa matajiri na wa watu wa ng'ambo. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi mwingine wa kitaifa wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, wa mjini na wa shamba pamoja. Safari hii watu 9 katika kila 100 walionekana kuwa na sukari iliyopanda au walikuwa wakitumia dawa zake. Vipimo vya nyakati hizo mbili si vya namna moja, wala watu waliopimwa si wa namna moja. Hata hivyo hapana mwenye akili atakayeziona hesabu hizo asijue kwamba maji yamepanda.

Katika madhara yote ya kisukari, la mguu ndilo limpunguzalo mtu mbele ya macho yetu. Wataalamu watatu wa ugonjwa huu, Armstrong, Boulton na Bus, waliandika mwaka 2017 kwamba katika kila wagonjwa 100 wa kisukari, kati ya 19 na 34 watapata kidonda cha mguu katika maisha yao. Na kidonda kikishapona, kazi haijaisha: watu 40 hivi katika kila 100 waliopona hupata kidonda tena kabla ya mwaka kutimia. Miguu mingi inayokatwa kwa sababu ya kisukari ilianza na kidonda kidogo, na kidonda kidogo kilianza na jambo dogo: msumari, mwiba, kiatu kinachobana, maji ya moto. Dereva aliyekatwa mguu haendeshi tena gari. Mkulima aliyekatwa mguu hashiki tena jembe kama zamani. Mama lishe aliyekatwa mguu, watoto wake ndio watakaoacha shule wamsaidie kubeba sufuria. Basi tunaposema miguu, twasema riziki za watu.

Kwa nini mguu wa mgonjwa wa kisukari huoza upesi? Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi hufanya wizi mara mbili. Wizi wa kwanza ni katika mishipa ya fahamu. Miguu hufa ganzi, kuanzia vidoleni na kupanda juu kama soksi ivaliwavyo, na mtu huachiwa mguu usioweza kumpa habari. Misuli midogo ya mguu nayo hudhoofika, vidole hujikunja, na uzito wa mwili huangukia mahali pamoja; hapo huota sugu, na chini ya sugu nyama hupondeka kimya kimya. Jasho nalo hukauka, ngozi hupasuka magaga, na ufa wa gaga ni mlango wa vijidudu. Wizi wa pili ni katika mishipa ya damu, ambayo huwa myembamba na migumu, hata damu isifike vidoleni kwa wingi. Kidonda kikitokea hukosa chakula cha kukiponya. Mguu ulioibiwa mara moja u katika hatari. Ulioibiwa mara mbili hatari yake ni kubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye mtetemo wenyewe, nasi tuupe haki yake, kwa kuwa si desturi njema kudharau jambo kabla ya kulijua. Wazo la kuutibu mwili kwa mtikisiko wa mashine si la jana. Katika mwaka 1865 daktari wa Sweden aliyeitwa Gustav Zander alifungua nyumba ya mazoezi mjini Stockholm, akatengeneza mashine za kila namna, na baadhi yake zilitetemesha viungo vya wagonjwa. Siku hizi wanachuoni wameeleza namna mtetemo unavyoweza kufanya kazi. Mishipa ya damu ina utando mwembamba kwa ndani. Utando huo ukisukwasukwa hutoa hewa iitwayo oksidi ya nitriki, ambayo huifanya mishipa ilegee na kupanuka, damu ikapita kwa wepesi zaidi. Hewa hiyo si hadithi: waliogundua kazi yake mwilini, Wamarekani Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Wako waliokwenda mbele zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chicago walitangaza kwamba panya wenye kisukari waliotetemeshwa kwa upole, mara 45 kwa sekunde, dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa juma, vidonda vyao viliota mishipa mipya ya damu na kupona vizuri kuliko vya wenzao. Kabla ya hapo, mwaka 2006, James Collins na wenzake, huko huko Marekani, waliwasimamisha watu 15 wa kisukari wenye ganzi juu ya soli zenye mtetemo mdogo mno, mdogo kiasi cha kutohisiwa, nao wakasimama kwa uthabiti kuliko walivyosimama bila mtetemo. Ni jambo la ajabu, lakini lina maana yake: mshipa wa fahamu uliodhoofika, ukiongezewa mtikisiko kidogo, husikia kile ambacho peke yake usingekisikia. Elimu kama hii ni ya kupewa heshima. Haifai kuicheka.

Lakini kuiheshimu elimu ni kuipa mpaka wake. Panya wa Chicago si mzee wetu wa useremala. Watu 15 kusimama vizuri zaidi chumbani mwa wataalamu si sawa na watu 1,500 kupita mwaka mzima bila kidonda. Kuiharakisha damu kwa nusu saa ni jambo moja. Kuuokoa mguu kwa miaka 10 ni jambo jingine. Mfanyabiashara anayeliruka bonde lililo kati ya mambo hayo mawili, akamwambia mgonjwa kwamba mashine yake “huzuia vidonda”, anauza ahadi asiyokuwa nayo ghalani.

Tena mtetemo si maji ya mvua, kwamba kila unapoangukia huleta heri. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton wa Marekani alikwenda Bedford, katika jimbo la Indiana, kuwatazama wachonga mawe waliotumia nyundo za hewa. Aliwakuta vidole vyao vinageuka vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi, kwa sababu mtetemo mkali wa saa nyingi uliifanya mishipa yao ya damu ijifinye. Ugonjwa huo wajulikana hata leo kwa wanaoshika misumeno ya mashine na mitambo ya kutoboa miamba. Basi mtetemo mmoja hufungua mishipa, na mwingine huifunga. Tofauti yao ni nguvu, wepesi na muda. Je, mashine inunuliwayo bila cheti wala maelezo, ni ya namna ipi?

Liko na jambo la karibu zaidi. Mashine nyingi za miguu hutoa joto pamoja na mtetemo, kwa kuwa joto hupendeza. Hupendeza kwa mwenye kuhisi! Mtu aliyekufa ganzi hawezi kujua joto limekuwa moto saa ngapi. Aweza kuketi akizungumza na wageni huku ngozi yake inaungua. Vivyo hivyo mguu wenye kidonda kilicho wazi, au uliovimba ghafula ukawa mwekundu na wenye joto, haupasi kutetemeshwa nyumbani hata kidogo. Mguu kama huo wataka daktari, tena upesi, maana huenda mifupa yenyewe inavunjika ndani pasipo maumivu.

Na ubaya mwingine wa maneno ya wauzaji ni huu. Wao husema damu, damu, damu. Lakini madaktari wetu waliotibu miguu hii kwa miaka mingi wameandika kwamba hapa kwetu vidonda vingi vya kisukari vyatokana na ganzi kuliko kuziba kwa mishipa, ijapokuwa kuziba nako kunaongezeka. Ikiwa hivyo ndivyo, basi hata mashine ingeleta damu yote itakiwayo, bado haitauondoa msumari kiatuni. Haitaing'oa sugu. Haitamwambia mzee kwamba maji ya kuogea ni ya moto mno. Tutakuwa tumelinda dirisha huku mlango uko wazi.

Kuhusu ganzi, wako waliotutangulia kuijua, nao ni watumishi wa wagonjwa wa ukoma. Daktari Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, alikwenda kufanya kazi Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946. Siku zile watu wengi walisadiki kwamba nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe na kudondoka. Brand alichunguza kwa subira, akaona kwamba vidole na nyayo ziliharibika hasa kwa majeraha ya kila siku ambayo mgonjwa hakuyahisi: sufuria ya moto, kitasa kigumu, jiwe ndani ya kiatu. Hata wako waliotafunwa vidole na panya usiku wakiwa usingizini. Alipowafunga bandeji ngumu ya plasta iliyougawa uzito juu ya wayo wote, vidonda vya miaka vilipona. Na alipowafundisha kuvaa viatu vinavyofaa na kujitazama kila siku, vilikaa vimepona. Fundisho lake kuu ni kwamba maumivu ni mlinzi wa nyumba, na mlinzi akifa, wenye nyumba hawana budi kukesha zamu.

Asidhani msomaji kwamba mambo ya panya ni ya India na ya zamani. Mwaka 2005 Dakta Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la udaktari habari za wagonjwa wa kisukari wa nchi hii waliong'atwa miguu na panya wakiwa wamelala, bila ya kuamka. Daktari huyo huyo ni miongoni mwa waliouongoza mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani, wawili wawili, kuitunza miguu ya wagonjwa wa kisukari. Na waliouongoza wameandika kwamba miguu iliyokatwa ilipungua. Hawakufanya hivyo kwa mitambo ya ajabu. Walifanya kwa kuwafunza watu kuvua viatu vya mgonjwa, kutazama, kukwangua sugu kwa ustadi, na kukitibu kidonda kabla hakijafika mfupani.

Wataalamu wa dunia waliokusanyika kuandika mwongozo wa mguu wa kisukari, nao wametaja nguzo tano za kuzuia vidonda. Ya kwanza ni kuutambua mguu ulio hatarini. Ya pili, kuutazama na kuupima mara kwa mara. Ya tatu, kumfundisha mgonjwa, jamaa zake, na watumishi wa afya pia. Ya nne, kuhakikisha kwamba amevaa viatu vinavyofaa. Ya tano, kuyatibu yale yaletayo hatari, kama vile sugu, malengelenge na kucha zilizoingia ndani. Mashine ya kutetemesha haimo katika tano hizo. Ikija siku ikathibitishwa, tutaipokea iwe ya sita. Lakini nguzo ya sita haisimami mahali pa ile ya kwanza.

Na hapa msomaji atastaajabu kidogo, kama sisi tulivyostaajabu. Mtetemo una kazi nyingine katika ugonjwa huu, ya zamani, ya bei ndogo, na isiyo na shaka: kazi ya kuuliza. Kiko chuma chenye ncha mbili, mfano wa uma, ambacho kikigongwa hutetema mara 128 kwa sekunde. Mganga hukiweka juu ya mfupa wa kidole gumba cha mguu, akamwambia mgonjwa afumbe macho, kisha akamwuliza, “Wasikia kikitetema?” Asiyesikia, mguu wake u hatarini. Chombo cha pili ni uzi mgumu wa nailoni unaopinda ukigandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Nao huguswa nyayoni kwa namna hiyo hiyo. Vyombo hivi viwili huingia mfukoni, havitaki umeme, na kipimo chake ni cha dakika chache. Basi kabla hatujautetemesha mguu kwa kuutibu, tuutetemeshe kwa kuuliza.

Je, asiye na vyombo hivyo? Hata yeye hana udhuru. Mwaka 2011 madaktari wa Ipswich, Uingereza, walieleza kipimo kisichotaka chombo chochote. Mgonjwa hufumba macho. Jamaa yake humgusa kwa wepesi, kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa sekunde 1 au 2, juu ya ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu; jumla vidole 6. Asipohisi vidole 2 au zaidi, amekwisha kupoteza ulinzi wake, na yampasa aende hospitali kabla ya kidonda. Asisugue wala asigandamize, kugusa tu. Ni mtoto gani wa darasa la 4 asiyeweza kumfanyia babu yake hivyo? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mashine ya ng'ambo ni fimbo ya mbali. Kidole cha mjukuu ni fimbo iliyo mkononi.

Na baada ya kupima, iko kazi ya kila siku, nayo si ngumu. Mwenye kisukari atazame miguu yake kila siku, juu, chini, na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni, au amwombe mtu. Maji ayapime kwa kiwiko, asiyapime kwa mguu. Akisha kunawa aufute mguu ukauke, hasa katikati ya vidole. Na ndugu zetu Waislamu, ambao huosha miguu kila wanapotawadha, wanayo nafasi mara tano kwa siku ya kufanya hivyo. Apake mafuta kwenye magaga, asipake katikati ya vidole. Kucha azikate kwa mnyoofu, na sugu asiikate kwa wembe. Asiote moto kwa nyayo. Asitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Kila asubuhi akung'ute viatu na kuingiza mkono ndani kabla ya kuvivaa. Na usiku achomeke chandarua vizuri, maana chandarua humzuia mbu na panya pia. Akiona lengelenge, jeraha, au weusi wa ngozi, asingoje siku ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo.

Tunajua watakaotupinga. Mmoja atasema kwamba twarudisha watu nyuma, tukisifu kioo na kiwiko katika karne ya mashine. Tunamjibu kwamba maendeleo si wingi wa mitambo majumbani. Maendeleo ni mzee kwenda kaburini na miguu yake miwili. Mwingine atasema kwamba maskini hana viatu vya kuchagua. Huyu ana hoja, nasi hatuikwepi. Kandambili humwacha mtu wazi kwa misumari, na kamba yake huchuna katikati ya vidole. Katambuga za mpira wa gari ni imara, lakini mikanda yake hukwaruza. Basi kazi i hapo. Nchi yetu ina ngozi, na ina mafundi viatu katika kila soko. Kiatu chenye nafasi mbele, soli ngumu chini, na ndani laini pasipo mshono wala msumari si kazi ya kuwashinda wakifundishwa na kuagizwa. Fedha inayonunua mashine moja ya kutetemesha ingeweza kununua kiatu cha namna hiyo, na chenji ikabaki.

Kwa hiyo twaomba mambo manne, nasi twayaomba waziwazi. La kwanza, kila zahanati na kila kituo cha afya kiwe na uma wa mtetemo na uzi wa nailoni, na iwe sheria ya kazi kwamba mgonjwa wa kisukari hatoki mbele ya mganga pasipo kuvuliwa viatu, walau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kwa mwenye ganzi. La pili, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iwatake wauzaji wa mashine hizi walete ushahidi wa maneno yao. Asiye na ushahidi auze mashine ya kustarehesha miguu, asiuze tiba. La tatu, vyuo vyetu vya udaktari viujaribu mtetemo huu hapa hapa, kwa wagonjwa wetu, kwa vipimo vya haki, na kwa kuhesabu vidonda wala si sifa. Hatutaki kuwa watu wa kununua tu elimu iliyopikwa na wengine. La nne, kazi hii isiachiwe waganga peke yao.

Maana nchi hii imekwisha kuonyesha njia. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vyao kuisikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Hawakungoja mtambo kutoka ng'ambo. Walipewa maarifa, wakayatia mikononi. Watu wale wale, na watoto wao, watashindwaje kufundishana kugusa vidole 6 na kukung'uta kiatu? Viongozi wa mashina na matawi, walimu, maimamu na mapadri, nao wahudumu wa afya wa vijiji, wote wana mahali pa kulisema neno hili. Tulipowataja maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, tulijua kwamba hutembea wameshikana mikono. Katika mguu wa kisukari wanaonekana wote watatu kwa pamoja: ujinga huficha kidonda, maradhi hukikuza, na umaskini hubaki nyumbani baada ya mguu kukatwa.

Neno la mwisho ni kwa vijana walio mijini, ambao huwakumbuka wazee wao kwa zawadi. Msiache kuwakumbuka. Lakini kabla ya kupeleka mashine, nenda wewe mwenyewe. Keti chini ya miguu iliyokutembelea ulipokuwa mtoto, uvue viatu vyake, uigeuze, uitazame, uiguse. Ukimkuta hahisi, mpeleke hospitali. Ukimkuta ahisi, mshukuru Mungu, na urudi tena kutazama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mguu uliokwisha kukatwa ni ukuta usiojengeka.

Mzee wetu amerudi nyumbani. Mashine yake ipo, imefunikwa kitambaa pembeni mwa chumba, na daktari amemwambia asiiguse hata jeraha lipone. Kila jioni, mahali pa mngurumo ule, mjukuu wake huja na taa, huketi juu ya mkeka, na kuhesabu vidole 8 vilivyobaki, kimoja kimoja. Twasadiki kwamba kama kazi hiyo ingeanza mwaka mmoja mapema, angekuwa akihesabu 10.